Mwanamume Kwenye Daftari la Wanawake

Jilala hakuwa mvivu, na hilo lisemwe mapema kabla watu wa Kishapu hawajaanza maneno yao. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na dume la plau lililochokozwa na nzi. Mganga wa mifupa aliufunga vizuri, na mguu ukaunga, ila uliunga kwa matakwa yake wenyewe: goti likakataa kukunjika, na unyayo ukatazama pembeni kana kwamba una safari yake peke yake. Kusimama aliweza. Kutembea aliweza, polepole. Kubeba gunia, kushika plau, kumkimbiza ng'ombe aliyeingia shamba la mtu, hayo yalikwisha. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, na Jilala alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mke mmoja aitwaye Mbuke, na binti aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno.

Baba mkwe wake, mzee Makoye wa ng'ambo ya mto, alikuwa mtu mwema. Aliposikia habari za mguu alituma ujumbe: njooni mkae kwangu, nyumba ipo, maziwa yapo, mavuno yakiisha naleta mkokoteni kuwachukua. Majirani wote walisema huo ni utu wa ajabu, siku hizi haupatikani. Jilala alipoupata ujumbe huo alisukuma sahani ya ugali pembeni, akamwambia Mbuke kwamba ameshiba, na alikuwa hajatia tonge mdomoni.

Si kwamba alimchukia mzee Makoye. Tatizo lilikuwa mke wa mzee Makoye. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, na mama mkwe hamtazami yeye. Hawali pamoja wala hawaketi chini ya paa moja. Wakiwa na la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu hata kama wamesimama hatua nne tu. Na wakikutana njiani, mwanamume anaiacha njia anaingia porini, tena haraka, kabla nyuso hazijaonana. Kwa mtu mwenye miguu miwili anayekwenda ukweni mara moja kwa mwaka, hayo si kitu. Jilala enzi zake aliruka vizuri kuliko swala.

Lakini baada ya kuumia alikwenda kusalimia mara moja tu, na mara hiyo ilimtosha. Alikuwa kwenye kijia kati ya ua wa minyaa pande zote mbili alipomwona mama mkwe anakuja na mtungi wa maji kichwani. Jilala aliruka. Mguu haukuruka. Akaanguka kwenye minyaa, nusu ndani nusu nje, na huko akanasa. Mama mkwe naye hakuweza kupita, maana angemruka mkwewe. Hakuweza kumwinua, maana angemshika. Na hakuweza kuita watu, maana angesema nini? Akatua mtungi, akageuka, akaanza kutazama vilima. Alivitazama mpaka ng'ombe wakaanza kurudi kutoka malishoni, na Jilala akatoka akitambaa, utomvu wa minyaa umemjaa shingoni. Sasa mzee Makoye kwa wema wake alitaka mambo hayo yawe kila asubuhi na kila jioni, maisha yote.

Kwa hiyo Jilala alitaka kazi. Tena kazi ya kukaa, na aipate kabla mkokoteni haujaja.

Ndipo ilipotokea habari ya kinu cha pamba. Mvua za mwaka ule zilinyesha zisipotakiwa, pamba ya wakulima ikaingia tope na majani, na tajiri mwenye kinu akaamua kwamba msimu huo ataongeza watu wa kuichambua kwa mkono kabla haijaingia kwenye mashine: pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule. Watu watakaa chini bandani na vikapu mbele yao. Jilala alipoambiwa hivyo karibu acheze, mguu au bila mguu. Kukaa! Kutenga kizuri na kibaya! Kabla ya kuoa alikuwa kule Geita kwenye dhahabu miaka sita, na kazi yake yote ilikuwa hiyo. Mawe yalipita mbele yake juu ya mkanda, naye aliokota yasiyo na kitu na kuyatupa, kuanzia asubuhi mpaka macho yake yakawa yanayaona mawe hata akifumba. Hakuna aliyemshinda pale mkandani.

Alikwenda kinuni asubuhi na mapema, akakuta tangazo mlangoni. Alisoma polepole, kwa kidole. Liliandikwa kwamba wanatakiwa wanawake arobaini. Akarudia kusoma, maana mara nyingine neno husomeka vibaya mara ya kwanza. Lilikuwa wanawake vilevile.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Jilala aliufikiria mkokoteni, akaingia kwenye mstari.

Mstari ulikuwa mrefu, kaniki na khanga tupu, na watoto migongoni. Waume walikaa pembeni ya lango wakitafuna karanga, kwa sababu kanuni ya tajiri ilitaka kila mke aje na mumewe, naye mume aseme mbele ya karani kwamba amemruhusu; wanawake wazee tu ndio waliosamehewa. Wanawake walipomwona Jilala amesimama katikati yao walidhani anamshikia mke wake nafasi. Wakamsifu. Walisema hivi ndivyo waume wanavyotakiwa kuwa, si wale wanaokaa na karanga. Sifa hizo zilimfikisha mezani salama.

Karani aliitwa Gregory, msomi wa misheni kutoka upande wa Kahama, mwenye shati jeupe na vidole vinene vilivyojaa wino.

"Ng'wangaluka, karani," alisema Jilala.

"Ng'wangaluka, mzee. Umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Mke yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Sasa baba, mtu haandikwi akiwa nyumbani. Kamlete."

"Siye yeye anayetaka kazi. Ni mimi."

Gregory aliweka kalamu chini. Nyuma ya Jilala mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, aitwaye Paskalia, akacheka, na baada yake wakacheka wote mpaka watoto wakaamka.

"Hii ni kazi ya wanawake," Gregory alisema.

"Kwa nini?"

Misimu minne Gregory alikuwa ameandika watu pale na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini. Alitafuta jibu darini. "Vidole," alisema mwishowe. "Vidole vya wanawake ni vyepesi. Vya mwanamume ni vizito."

Jilala akaweka mikono yake juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa virefu, vyembamba. Watu wakavitazama, kisha wakavitazama vya Gregory vilivyolala pembeni yake, na karani akaiteremsha mikono yake chini ya meza.

"Na uvumilivu," aliongeza. "Mwanamume hawezi kukaa mahali pamoja kutwa nzima."

"Mguu huu hauniruhusu kingine ila kukaa."

"Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini hata nikitaka kukuandika, daftari lenyewe halina mahali pako. Tazama. Jina: nitaandika. Jina la mume: nani?"

"Mimi ndiye mume."

"Wa nani?"

"Wa Mbuke."

"Kwa hiyo hapa niandike Mbuke?"

"Mbuke si mume wangu, karani."

"Unaona? Na tajiri hataki mahali pabaki wazi. Haya, linafuata: ana mtoto mgongoni?"

"Leo sikuja naye."

Gregory alishusha sauti. "Ananyonyesha? Niwie radhi, mzee, ndivyo lilivyoandikwa."

"Nikisema ndiyo, nitapata kazi?"

Hapo mstari ulivunjika kabisa. Paskalia alilazimika kumshika bega mwenzake asianguke, na waume kule langoni wakainuka kuja kuona ni kitu gani. Jilala alicheka nao kidogo, kwa adabu, lakini moyoni aliumia. Aliumia kweli. Angeambiwa hajui kazi, angekubali kushindwa. Hakuambiwa hivyo. Hakuna aliyemwuliza kama anaijua kazi. Waliuliza maziwa.

"Limebaki la ruhusa," alisema Gregory, akitumaini kwamba hilo litammaliza. "Kila aliyeandikwa hapa ana mwenyewe aliyekuja kusema anamruhusu."

"Basi atumwe mtu amwite mke wangu. Ni hapo tu, nyuma ya mnada."

Mwanamke mmoja aliyekwisha kuandikwa akajitolea kwenda kabla hajaombwa, akatoka mbio, maana habari hiyo hakutaka mwingine awe wa kwanza kuipeleka.

Gregory akamweka Jilala pembeni, akaendelea kuwaandika wengine, na mstari ulipokaribia kwisha tajiri mwenyewe akatokea. Alikuwa Mhindi mzee mwenye kofia nyeusi, na siku hiyo alikuwa na haraka kwa sababu malori ya pamba yalikuwa yanaingia kesho yake. Aliuliza zimebaki nafasi ngapi. Moja, alisema Gregory. Na wanaoitaka? Karani akaonyesha Jilala, kisha akaonyesha mwisho wa mstari, alikobaki mwanamke mmoja tu, mtu mzima, aliyejifunika kaniki kichwani mpaka machoni. Mwanamke huyo tangu Jilala aingie kwenye mstari alikuwa amegeukia ukuta, wala hakucheka wenzake walipocheka. Gregory alidhani ni kiziwi.

"Mwanamume anataka kuchambua pamba?" tajiri aliuliza.

"Nimemwambia ni kazi ya wanawake."

"Bwana mkubwa," alisema Jilala, "nipe pamba kidogo unione. Nikishindwa nitaondoka bila neno."

Tajiri alimtazama kama anavyotazama mizigo, kwa jicho la kukadiria. Labda alikuwa amechoka na hesabu, labda alitaka kucheka kidogo siku isiyokuwa na kicheko. Alitoa saa mfukoni. "Robo saa," alisema. "Wewe na yule mama. Atakayechambua nyingi, nafasi yake."

Mlangoni mwa banda, chini ya paa lake, wakamwaga marundo mawili ya pamba chafu juu ya magunia, kila mtu na vikapu viwili. Yule mwanamke alilivuta rundo lake mpaka nyuma ya Jilala, akakaa na kumpa mgongo. Watu wakasema ana haya, hajazoea kukaa na wanaume wa watu. Jilala naye hakumjali. Aliunyoosha mguu wake, akavuta pumzi, na tajiri akasema haya.

Mikono ya Jilala ilikumbuka Geita yenyewe, bila kuamrishwa. Hakuitazama pamba kwa kuikodolea. Aliiacha ipite chini ya macho, na kile kisichotakiwa kikajitokeza chenyewe: jani, mbegu iliyooza, nyuzi za manjano. Safi huku. Fifi kule. Waume waliokuja kucheka walisahau kucheka, na wake zao wakasogea. Kisha Jilala akasikia nyuma yake mikono mingine, na mikono hiyo haikuwa na mchezo. Ilikuwa inakwenda haraka kama yake. Akaongeza mwendo. Na yule wa nyuma akaongeza. Watu wakagawanyika pande mbili kama kwenye mashindano ya ngoma, Paskalia akawa anampigia mama vigelegele, na mumewe, fundi viatu aitwaye Onesmo, akawa anapiga kelele, "Kaza, mwanamume, usituaibishe!", ingawa dakika kumi kabla yake alikuwa amesema mtu yule hana akili.

Tajiri akafunga saa. Gregory akapima vikapu kwa macho, akaviinua, akaviinua tena. Jilala alikuwa amezidi, si kwa kikapu, kwa vitanga viwili vya mkono.

"Mwanamume ameshinda," alisema tajiri, na hata yeye alishangaa.

Wakati huohuo Mbuke aliingia langoni, mtoto mgongoni, anahema. Njiani aliambiwa asemeje, akalifanyia mazoezi neno lake, na sasa alilianza kwa sauti ya mbele za watu: "Karani, mimi Mbuke, binti Makoye, ninamruhusu mume wangu Jilala..." Halafu akakwama. Alikuwa anamtazama yule mwanamke wa kaniki.

"Mayu!" alisema. "Mama! Unatafuta nini hapa?"

Jilala hakugeuka. Alichukua kitu kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa kikapu cha pamba safi, akajifunika nacho kichwani. Pamba yote ya ushindi ikamwagikia mabegani, ikashuka mavumbini, na pale chini ikawa fifi yote. Upande wa pili mama mkwe aliivuta kaniki mpaka kidevuni. Wakabaki hivyo wamepeana migongo, mmoja chini ya kikapu na mwingine chini ya nguo, na watu wote wa Kishapu waliokuwepo wakaelewa kwa mara moja. Tajiri peke yake hakuelewa, akauliza nani amekufa.

Kumshinda mama mkwe mbele ya watu! Jilala alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekaa chini ya paa moja naye, mgongo kwa mgongo, robo saa nzima, huku Onesmo akimhimiza akaze.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe. "Karani," alisema, "mwambie mtu huyo kwamba mimi nilimjua tangu alipoingia kwenye mstari. Nilitaka kuondoka. Lakini nafasi zilikuwa zinakwisha."

"Mzee," alisema Gregory, "mama anasema kwamba..."

"Nimesikia," alisema kikapu.

"Umesikia? Basi hakuna haja ya..."

"Hapana. Uniambie wewe."

Gregory, msomi wa misheni, akasema yote upya. Kisha mama mkwe akaendelea. "Mwambie kwamba mzee wangu ana moyo mzuri, lakini mimi hakuniuliza. Mtu huyo akihamia kwangu, jikoni kwangu nitaingiaje? Kisimani nitapita wapi? Mimi nimezeeka, siku ile na ule mtungi nilisimama mpaka magoti yakavimba. Nimemwambia mzee ninakwenda kumwona dada yangu. Nilitaka nifanye kazi msimu huu, nimpe Mbuke, wakae kwao."

Gregory akayapeleka. Siku zote hizo Jilala alidhani ni yeye tu anayeteseka.

"Mwambie mama," alisema, "kwamba nami nimeletwa hapa na jambo hilohilo. Na mwambie nimeacha. Aandikwe yeye."

"Mwambie sitaki. Ameshinda."

"Mwambie pamba yangu imemwagika, sijashinda."

"Mwambie nimeiona kabla haijamwagika."

"Mwambie nilidhani hatazami."

Gregory alikuwa anageuza kichwa huku na huku mpaka akashika shingo. Tajiri akachoka. "Basi aandikwe mama," alisema. "Kazi ni ya wanawake. Imekwisha."

"Ndiyo!" alisema Onesmo, na waume wenzake wakaitikia, maana mashindano yalikwisha na akili zilikuwa zimewarudia. "Tulikuwa tunatazama tu, lakini hatukukubali. Wake zetu humo ndani wananyonyesha, wanaimba nyimbo zao zile. Akiingia mwanamume, mimi wangu namtoa leo."

"Namtoa leo," wakasema wengine.

Chini ya kikapu, Jilala aliwaza kidogo. "Kumbe si vidole," alisema.

Gregory akajifanya anatafuta wino.

Ni Paskalia aliyeliona. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, akimtazama mama aliyejifunika, kisha akimtazama Jilala, kisha mama tena. "Mume wangu," alisema, "hebu mwangalie huyo. Tangu mkwewe atajwe, ameona nini?"

"Haoni kitu. Yumo kwenye kikapu."

"Na mkwewe akiwa humo bandani na sisi kutwa nzima?"

Onesmo akawaashiria wenzake. Waume wakajitenga pembeni wakainamisha vichwa, wakajadiliana kwa uzito wa baraza la mtemi. Ilionekana wazi: mwanamume mwingine yeyote angekuwa na macho, lakini mwanamume mwenye mkwe ndani ya banda atatazama ukuta asubuhi, atatazama ukuta mchana, na jioni atatoka akiujua ukuta tu. Hakuna nyumba Kishapu nzima iliyokuwa na mlinzi wa namna hiyo. Onesmo akarudi na hukumu. Mwanamume anaweza kuingia, lakini mama mkwe lazima aandikwe naye. Siku mama akiumwa, naye abaki kwake.

"Nafasi ni moja!" alisema tajiri.

Halafu akatazama vile vikapu, kile cha mama kilichojaa, na ile pamba iliyotapakaa sakafuni karibu na Jilala. Robo saa tu. Akauliza kama wale thelathini na tisa wengine wanakwenda hivyo. Gregory akasema hapana, hata kwa mbali. "Arobaini na mmoja," alisema tajiri, akaondoka zake.

Hivyo ndivyo Jilala alivyoandikwa. Penye jina la mume Gregory alifikiri sana, akaandika: anaye mke. Penye kunyonyesha akaandika hapana, kwa mwandiko mzuri. Mbuke akaambiwa amalizie ruhusa yake. "Ninamruhusu," alisema, "ila asichelewe kurudi." Na mzee Makoye, alipopelekewa habari, aliudhika kidogo kuona wema wake umekimbiwa na watu wawili kwa mpigo, lakini akasema atangoja mshahara wa kwanza. Ukitosha kuendesha nyumba, wabaki kwao. Usipotosha, analeta mkokoteni, na safari hii hataki maneno.

Jilala alipewa pembe ya mwisho ya banda, uso kwa ukuta. Mwezi mzima alichambua pamba akitazama matofali. Kulikuwa na moja lenye ufa uliofanana na pembe za ng'ombe, na wiki ya pili alikwisha kulipatia jina. Nyuma yake wanawake waliimba, mwanzoni kwa kujizuia, baadaye bila kujizuia hata chembe, na Jilala akajifunza mambo kuhusu waume wa Kishapu ambayo yalimfanya ashindwe kumwamkia Onesmo bila kucheka. Akitaka kutoka, alikohoa mara tatu ili mama mkwe ajifunike. Mama akitaka kitu, alimtuma Paskalia: mwambie mtu huyo kikapu chake kimejaa, mwambie anapinda mgongo vibaya, mwambie uji uko hapa, nitaweka na kusogea. Alichambua kuliko wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekaa nyuma yake.

Siku ya mshahara ilifika. Wabeba marobota walilipwa kwanza, nje, wakapita na shilingi zao wakiziliza mikononi. Kisha Gregory akaja bandani na daftari. Jilala alipokea zake kwa mkono wa nyuma, akazileta mbele ya macho. Akazitazama muda mrefu.

"Karani, umekosea."

"Sijakosea, mzee."

"Wabeba marobota wamepata mara mbili ya hizi. Nimewasikia."

"Wale ni wanaume."

"Na mimi je?"

Gregory hakumcheka, nadhani alimwonea huruma. Alimletea daftari pale ukutani, akamwonyesha kwa kidole chake kinene maneno yaliyoandikwa juu ya ukurasa. "Umo kwenye daftari la wanawake, mzee. Ujira wa daftari hili ndio huo. Nani alikuingiza humu kwa nguvu?"

Jilala alipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Aliufikiria mkokoteni, akaufikiria ule ua wa minyaa. "Lakini hii ni nusu!" aliuambia ukuta. "Kazi nimefanya nzima! Mtu gani anaweza kuendesha nyumba kwa nusu?"

Alingoja wacheke. Wanawake arobaini walikuwa nyuma yake, na siku ya kwanza walicheka kwa mambo madogo kuliko hilo. Hawakucheka.

"Sisi tunaiendesha," alisema Paskalia, bila ukali wowote. "Huu ni msimu wa nne."

Aibu aliyoiona Jilala hapo ilizidi ile ya kikapu. Mwezi mzima alikuwa amezisikia nyimbo zao zote na siri zao zote, na hilo hakulisikia, labda kwa sababu hakuuliza. Alitaka kugeuka awatazame, japo mara moja, awaambie jambo lolote. Hakuweza. Mama mkwe alikuwepo.

Kisha akasikia sauti ya shilingi zinawekwa juu ya gunia, karibu sana na mgongo wake, na hatua za mtu mzima zikirudi nyuma.

"Paskalia," alisema mama mkwe, "mwambie mtu huyo kwamba nusu yake na nusu yangu ni mshahara wa mwanamume mmoja. Mwanamume huyo akae kwake."

Paskalia akayasema yote upya, neno kwa neno, kwa sababu ndivyo inavyopasa. Jilala akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa gunia mpaka akazipata.